Mtutu mrefu haufikishi rangi mbali: Mzazi, jua haya kabla ya kununua

KIJANA wako amerudi kutoka sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake akiwa na madoa ya rangi hadi masikioni. Amecheza peintiboli, ule mchezo wa timu mbili kuwindana na kulengana kwa vidonge vya rangi, na sasa hana habari nyingine. Wiki mbili baadaye anakuja na ombi: "Mama, nahitaji mtutu mrefu. Wenzangu wananipiga, mimi siwafikii."

Ombi hili linawafikia wazazi wengi, kuanzia Nairobi hadi Dubai na miji ya Uingereza na Marekani walikohamia ndugu zetu. Kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kuishika bunduki ya rangi, tunabaki kumwamini mtoto au muuzaji. Jibu fupi ni kwamba mtutu mrefu hautamwongezea umbali. Jibu refu linafaa kujulikana pia, kwa sababu kile ambacho kijana hujaribu baada ya mtutu kushindwa ndicho kinachoweza kumpofusha mwenzake.

Gesi ndiyo inayosukuma

Kidonge cha kawaida cha mchezo huu kina upana wa inchi 0.68, yaani milimita 17 hivi, na uzito wa takriban gramu 3. Ganda lake ni la jelatini, kama lile la dawa za kumeza za rangi mbili, na ndani mna rangi inayotoka kwa maji. Mchezaji akifyatua, gesi kutoka kwenye mtungi, ama hewa iliyobanwa au kaboni dayoksaidi, hupanuka nyuma ya kidonge na kukisukuma kupitia mtutu.

Msukumo huo ni wa kitambo kifupi mno. Katika bunduki nyingi, kidonge kikisafiri sentimita 20 hivi ndani ya mtutu huwa kimeshapata karibu kasi yake yote. Gesi imeshapanuka na nguvu yake imepungua. Urefu unaoongezwa mbele ya hapo hauongezi kasi kwa kiasi cha maana, na ukizidi sana, msuguano wa kuta za mtutu huanza kukipunguza mwendo. Hapo bunduki hula gesi zaidi ili kutoa kasi ileile.

Mbona basi mitutu mingi dukani ina sentimita 30 hadi 35? Mtutu wa urefu huo, hasa wenye vitundu vidogo karibu na mdomo, huiachia gesi itoke polepole na kupunguza kelele. Pia humsaidia mchezaji kutoa mdomo wa bunduki nje ya kizuizi huku mwili ukibaki umejificha. Hizo ni faida za kweli, lakini umbali haumo.

Kasi ina kikomo

Hata kama mtutu ungeongeza kasi, mtoto wako haruhusiwi kuitumia. Kikomo kilichozoeleka katika mchezo huu ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91, na viwanja vingi hushusha hadi futi 280. Usiidharau namba hiyo: futi 300 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Kabla ya mchezo, kila bunduki hupimwa kwa kipima kasi, na ikizidi hurekebishwa.

Sasa wachukue watoto wawili, mmoja ana mtutu mfupi na mwingine mrefu, na bunduki zote mbili zimepimwa futi 280. Wakilenga kwa mwinuko uleule, vidonge vyao vitaanguka karibu mahali pamoja. Kidonge kikishatoka, hakijui kimetoka kwenye mtutu wa urefu gani wala wa chuma gani.

Adui wa umbali ni hewa. Kidonge ni chepesi na cha mviringo, kwa hiyo hewa hukizuia vikali. Baada ya mita 30 hivi, kasi yake imebaki karibu nusu. Kikipita mita 45, mara nyingi humgonga mtu na kudunda bila kupasuka, na asiyepata doa hatoki mchezoni. Ukielekeza mtutu juu, kidonge kinaweza kuanguka mita 70 au 80 mbele, lakini kikiwa kimechoka.

Kwa hesabu hiyohiyo, kijana akipandisha kasi kutoka futi 280 hadi 300, anaongeza mita 3 hivi tu za umbali wenye nguvu. Lakini nishati ya kidonge kinapotoka mdomoni mwa mtutu hupanda kwa karibu asilimia 15. Faida yake ni hatua chache uwanjani, na hasara inamwangukia anayepigwa kwa karibu.

Hapa ndipo mzazi anapohitaji kuwa macho. Mtutu mpya ukishanunuliwa na umbali usiongezeke, kijana hugundua skrubu ya kasi. Huikaza baada ya kipimo, au nyumbani ambako hakuna mwamuzi. Na wakati mwingine kasi hupanda bila yeye kukusudia: mtutu unaokibana kidonge vizuri hupoteza gesi kidogo, kwa hiyo bunduki iliyokuwa ndani ya kikomo jana inaweza kukivuka leo. Kanuni ni moja: mtutu ukibadilishwa, bunduki ipimwe upya kabla ya mtoto yeyote kuingia uwanjani.

Kinachobadilishwa na mtutu

Mtutu una kazi kubwa katika jambo jingine, nalo ni vidonge kwenda sawasawa. Muhimu ni upana wa tundu lake la ndani ukilinganishwa na kidonge. Tundu likiwa pana mno, gesi hupenya pembeni na kasi hubadilika kila anapofyatua. Kimoja huenda, kinachofuata huanguka njiani. Mtoto huona kama bunduki haifiki mbali, kumbe haina msimamo. Tundu likiwa jembamba mno, vidonge dhaifu hupasukia ndani.

Kuna njia rahisi ya kukagua. Ufungue mtutu kabisa kutoka kwenye bunduki, kisha weka kidonge upande wa nyuma. Kikiteleza chenyewe hadi upande wa pili, tundu ni pana. Kikikwama hata ukipuliza kwa nguvu, ni jembamba. Kikikaa mahali pake na kutoka kwa pumzi ya kawaida, vimepatana.

Kumbuka pia kwamba jelatini hunyonya unyevu. Vidonge vilivyoachwa wazi katika mji wa pwani huvimba na kulainika. Vilivyoachwa ndani ya gari juani hupoteza umbo. Mtutu uliopatana na vidonge vya mwezi uliopita huenda usipatane na vya leo. Mfuko uliofungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi wa wastani huokoa fedha nyingi.

Jambo la tatu ni usafi. Kidonge kimoja kikipasukia ndani, vinavyofuata hupita kwenye utelezi wa rangi na kupinda ovyo. Kabla ya kununua mtutu mpya, msafishe ule wa zamani. Wakati mwingine "tatizo la umbali" huisha kwa kitambaa.

Mitutu inayozungusha

Muuzaji anaweza kukuambia kuna mitutu inayofikisha mbali kweli, na hatakuwa amedanganya. Mtutu uliopinda kidogo wa Flatline, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Tippmann, hukifanya kidonge kijizungushe kinyumenyume kinapotoka. Ni kanuni ileile inayoupinda mpira wa adhabu uliopigwa kwa upande wa mguu, ila hapa mzunguko hukiinua kidonge, kikakawia kushuka. Umbali unaongezeka bila kugusa kasi ya kutokea.

Lakini hewa bado inakizuia. Kidonge hicho hufika mbali kikiwa kimepungua mwendo, na hudunda bila kupasuka mara nyingi zaidi. Tena, mtutu wa namna hiyo huchagua vidonge. Kwa mtoto anayeanza, ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Viko pia vidonge vyenye mapezi kama First Strike, vinavyokwenda moja kwa moja kwa mbali zaidi, lakini vina gharama kubwa kuliko vya mviringo na haviingii katika kila bunduki.

Ukiwa na fedha, anza hivi

Kwanza, barakoa iliyotengenezwa kwa mchezo huu, inayofunika macho, masikio na uso mzima. Miwani ya jua, ya kuogelea au ya fundi haitoshi. Isivuliwe uwanjani kwa sababu yoyote, hata kama imejaa mvuke.

Pili, kifuniko cha mdomo wa mtutu, kile kimfuko chenye kamba. Kinavaliwa kila mara bunduki inapokuwa nje ya uwanja wa mchezo.

Tatu, kwa watoto wadogo, uliza kama uwanja una bunduki za vidonge vya inchi 0.50. Ni vyepesi zaidi na maumivu yake ni madogo.

Nne, vidonge vizuri na vipya. Mtutu uje baada ya hayo yote, na uchaguliwe kwa kupatana na vidonge.

Kabla ya kuagiza bunduki au mtutu kutoka nje, uliza polisi na forodha, kwa kuwa kila nchi ina sheria yake kuhusu vifaa hivi.

Na mwambie kijana wako habari hii. Mchezo wa kwanza wa peintiboli ulichezwa Juni 27, 1981 huko Henniker, jimbo la New Hampshire, Marekani. Wachezaji 12 waliingia msituni na bunduki zilizotengenezwa kuwekea alama miti na ng'ombe, kila mmoja akitafuta bendera. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa kazi za misitu. Alizikusanya bendera zake bila kuonekana na bila kufyatua hata mara moja.

Anayetaka kumfikia mwenzake aliye mita 60 ajifunze kunyata hadi mita 25. Hilo halihitaji mtutu mpya, na halimhatarishi mtoto wa mtu.