Kunguru wa Kwetu na Kunguru Mgeni

Somo la redio la elimu ya watu wazima. Vikundi vya wasikilizaji vinaombwa visome maandishi haya pamoja, kisha vizungumze juu ya maswali yaliyo mwisho.

Leo tutazungumza juu ya ndege ambaye kila mmoja wetu anamjua, yaani kunguru. Pengine utasema, "Kunguru nimemwona tangu utoto wangu. Kuna nini cha kujifunza?" Kipo. Katika nchi yetu wako kunguru wa namna mbili ambao watu huwachanganya. Mmoja ni mwenyeji wetu. Wa pili aliletwa na watu kutoka ng'ambo, na huko pwani ameuawa kwa maelfu mengi ili ndege wa asili wapate nafasi. Mtu asiyeweza kuwapambanua huenda akamwua mwenyeji na kumwacha mgeni.

Jinsi ya kuwapambanua

Kunguru wa kwetu ni mkubwa. Mwili wake ni mweusi, lakini kifuani ni mweupe kabisa, na weupe huo huzunguka mpaka nyuma ya shingo kama mtu aliyejifunga kitambaa. Huyu ndiye mnayemwona mashambani, penye machinjio na juu ya miti ya mji.

Kunguru mgeni ni mdogo kuliko huyo, na umbo lake ni jembamba. Hana weupe wowote. Shingo na kifua chake ni rangi ya kijivu, kama majivu ya jikoni, na sehemu nyingine ni nyeusi yenye kung'aa. Watu wengine humwita kunguru wa Bara Hindi. Basi shikeni neno hili moja: kifua cheupe ni mwenyeji, shingo ya majivu ni mgeni.

Alikujaje?

Kunguru huyu asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja ili ale takataka za mji. Wakati ule shauri hilo lilionekana kuwa jema, maana ndege angefagia mji bila mshahara. Lakini kunguru hakula takataka peke yake. Alikula mayai na makinda ya ndege wengine, akazaana sana, na ilipofika mwaka 1917 alikuwa amekwisha hesabiwa kuwa ni msumbufu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Baadaye alienea katika miji ya pwani, Dar es Salaam ikiwamo, kisha akaanza kufuata barabara kuingia bara. Huko Kenya amepanda na njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, akituama katika vituo ambako magari husimama na watu hula.

Ndege huyu ana desturi moja ambayo yatupasa kuijua vema. Hakai porini mbali na watu. Palipo na watu, soko, jalala na mabaki ya chakula, hapo ndipo anapoishi. Pasipo na vitu hivyo hawezi kustawi. Husafiri hata kwa meli, akila makombo ya mabaharia mpaka bandari nyingine.

Madhara yake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni huyu hakuja na uponyaji. Huvamia viota vya chozi, shorewanda, kwera na ndege wengine wadogo, akatoa mayai na makinda. Hunyakua vifaranga vya kuku uani. Hula matunda na nafaka. Hutoka jalalani akatua juu ya chakula sokoni, na miguu yake huweza kuchukua uchafu wenye viini vya magonjwa. Tena hukusanyika wengi pamoja na kumfukuza kunguru wa kwetu, ingawa kunguru wa kwetu ni mkubwa kuliko wao. Katika miji ya pwani ambako mgeni amejaa, kunguru mwenye kifua cheupe amekuwa haba.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Huko Uingereza wako kindi wa namna mbili. Kindi mwekundu ndiye mwenyeji. Kindi wa kijivu aliletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, na habari za kufunguliwa kwake porini zaanza mwaka 1876. Kindi wa kijivu ni mkubwa, hula kokwa za miti kabla hazijaiva vizuri kwa mwenzake, na huchukua ugonjwa mfano wa ndui ambao kwa desturi haumdhuru yeye, lakini humwua yule mwekundu. Basi ndugu wawili wa jamii moja, mgeni na mwenyeji, wamegombea nyumba moja, na mwenyeji ameshindwa karibu nchi nzima.

Je, ni haki kuua?

Swali hili ni zito, na watu wa Shinyanga wana sababu ya kuliuliza. Katika miaka ya 1940, hapa hapa Shinyanga, wanyama wa porini kwa maelfu walipigwa risasi kwa amri ya serikali ya wakati ule, ili kujaribu kama mbung'o watakufa kwa kukosa damu ya wanyama hao. Waliouawa walikuwa wenyeji wa nchi, na sababu ilikuwa kuwalinda ng'ombe. Misitu nayo ilifyekwa sana kwa ajili ya mbung'o. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1986, ilipoanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, ndipo ngitili zikaanza kurudi kwa wingi, na pamoja na ngitili wakarudi ndege.

Kwa hiyo mtu akisema, "Tuue wanyama," yatupasa tumwulize mambo matatu. Ni mnyama gani? Kwa faida ya nani? Na je, kazi hiyo itafika mwisho, au tutaua kila mwaka bila kumaliza? Kumpunguza kunguru mgeni kuna haki ikiwa majibu ya maswali hayo ni mazuri. Kukiwa hakuna majibu, ni kumwaga damu bure.

Kazi inavyofanyika

Njia ya kwanza ni mtego. Hujengwa kizimba kikubwa cha mbao na waya, chenye nafasi juu kama ngazi iliyolazwa. Ndani huwekwa nyama na kunguru wachache walio hai, wenye maji na chakula. Kunguru walio nje huona wenzao wanakula, hujikunja mabawa na kujitosa ndani, lakini hawawezi kupanda tena kwa mabawa yaliyofunguka. Faida ya mtego ni kwamba ndege wa kwetu akiingia kwa bahati mbaya, hufunguliwa akaenda zake.

Njia ya pili ni sumu iitwayo DRC-1339. Kunguru akiila hafi papo hapo, bali baada ya saa nyingi. Husemwa kuwa ni afadhali kuliko sumu nyingine kwa sababu haina nguvu nyingi juu ya wanyama wengi, na huvunjika mwilini mwa kunguru, hata anayekula mzoga wake hapati madhara makubwa. Lakini sikilizeni vizuri: sumu hiyo huwaua pia kunguru wa kwetu, na kuku nao huwaua. Kwa hiyo hutumiwa na watu waliofundishwa, wenye idhini. Kwanza huweka nyama isiyo na sumu kwa siku kadhaa, wakiangalia ni ndege gani wanaokuja. Wakiona anakuja kunguru mgeni peke yake, ndipo huweka yenye sumu, wakakaa hapo kulinda, na mabaki huyaokota.

Kwa nini kazi hushindwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi ya namna hiyo ilifanywa Unguja, na kunguru wakapungua sana. Fedha zilipokwisha, kazi ikasimama, na kunguru wakarudi. Huko Watamu na Malindi, nchini Kenya, walipungua hata wakawa wachache mno. Mwaka 2005 sumu ile ikazuiwa kuingizwa nchini, na baada ya miaka michache wakajaa tena. Dar es Salaam nayo ilianza kazi kubwa mwaka 2010, wakauawa kunguru wengi sana, lakini mji haukumalizika kusafishwa. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango mpya wa kuua kunguru 1,000,000. Mji ukiwapunguza nusu na kuacha takataka zile zile, waliobaki hupata chakula kingi zaidi, wakalea makinda mengi zaidi.

Kazi hufaulu pale inapomalizwa. Katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, watu walianza kuwaondoa kindi wa kijivu mwaka 1998, wakaendelea mwaka baada ya mwaka mpaka 2013, ndipo wakaambiwa kuwa kisiwa ni safi. Kindi wekundu, waliokuwa kama 40 tu, walifika mamia. Hata hivyo kisiwa kina madaraja, na kindi wa kijivu huweza kuvuka. Kwa hiyo ulinzi haukukoma.

Ninyi wenyeji wa Ziwa Victoria mnao mfano mwingine. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Leo huwezi kumtoa tena, na furu wa aina nyingi wamepotea. Mgeni wa majini akishaenea ziwa zima, mlango umekwisha fungwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi tufanye nini?

Malori hutoka Dar es Salaam kila siku kuja Shinyanga, Kahama na Geita. Reli pia inatuunganisha na pwani. Machimbo ya dhahabu hukusanya watu wengi upesi mahali pamoja. Vibanda vya mama ntilie huota, na jalala huota kando yake. Mahali pa namna hiyo ndipo kunguru mgeni apendapo. Basi fanyeni mambo manne.

Kwanza, takataka za chakula zifukiwe au zifunikwe, hasa penye machinjio, masoko na kambi za wachimbaji. Kazi hii haihitaji bunduki wala sumu, na hupunguza inzi na panya pia.

Pili, mkimwona kunguru mwenye shingo ya majivu, hata mmoja, pelekeni habari kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, naye amwarifu afisa wanyamapori wa wilaya. Semeni mahali, siku na idadi yao. Kuwaondoa wawili ni kazi ya siku chache; kuwaondoa elfu mbili ni kazi ya miaka.

Tatu, mtu asitege sumu mwenyewe. Dawa za shambani zilizowekwa katika nyama huua tumbusi, mbwa, na pengine mtoto aliyeokota asichokijua.

Nne, msimwue kunguru mwenye kifua cheupe kwa kosa la mwingine. Ni kweli naye huiba kifaranga mara kwa mara. Lakini hula wadudu na mizoga, na amekuwa hapa kabla ya reli, kabla ya machimbo. Mjengee kuku banda, umwache aende zake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kunguru mliowaona wiki hii walikuwa na kifua cha rangi gani?
2. Katika mtaa wenu, takataka za chakula hutupwa wapi, na nani hupaswa kuzifukia?
3. Kwa nini kunguru walirudi Unguja baada ya kupunguzwa?
4. Mtu akitaka kuweka sumu ili aue kunguru, mtamwambia nini?

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.