Maita ya Kufuli: Kona Isiyoachana

Na mwanachama wa chama, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sijui kama walikuwa wakiwazia maseremala, lakini methali hiyo inawafaa sana.

Itazame kona ya sanduku ambalo mbao zake zimekatwa mshazari, kila moja digrii 45, zikakutana zikawa pembe mraba. Kona hiyo huitwa maita. Inapendeza kwa kuwa vichwa vya mbao vimefichwa. Shida iko ndani. Kichwa cha ubao hunywa gundi kama mchanga unywavyo maji, kwa hivyo gundi inayobaki kushika ni kidogo. Tena ukikaza mbao hizo huteleza. Baada ya muda ufa hujitokeza, na fundi huuziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Mteja aliyelipa pesa zake anauziwa ufa!

Dawa yake ni maita ya kufuli. Hukatwa kwa biti maalumu inayofungwa kwenye mashine ya ruta, nayo ruta hukazwa chini ya meza. Biti hiyo huchonga mshazari wenye ulimi na mfereji. Ulimi wa ubao mmoja huingia katika mfereji wa mwenzake, gundi hupata mahali pengi pa kushika, na mbao haziwezi kuteleza tena.

Ajabu ni kwamba biti moja hukata mbao zote mbili. Ubao wa kwanza hulazwa juu ya meza, upande wa ndani ukiwa chini. Wa pili husimamishwa wima, upande wa ndani ukiegemea ule ubao wa kuongozea ulio nyuma ya biti. Basi!

Lakini hebu ngoja kidogo. Siri yote iko kwenye kipimo. Kwanza, mbao zote ziwe na unene mmoja. Pili, katikati ya biti pawe sawasawa na katikati ya unene wa ubao. Utajuaje? Chukua vipande viwili vya kutupa, vyenye unene uo huo, uvikate vyote vikiwa vimelala. Kisha pindua kimoja uviunganishe. Nyuso zikiwa sawa, umepatia. Zikipishana milimita 2, inua au shusha biti milimita 1 tu, yaani nusu ya tofauti, kwa sababu kosa huhesabiwa mara mbili ukipindua. Kumbe hesabu ya darasani ina kazi! Ukimaliza hapo, sogeza ubao wa kuongozea hadi ncha ya mshazari ibaki kali bila kuufupisha ubao.

Sasa tuzungumzie hatari. Biti yenye upana wa sentimita 7 ina mzingo wa karibu sentimita 22. Ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, makali yake hukimbia karibu kilomita 290 kwa saa, ilhali matatu zetu zimewekewa kikomo cha kilomita 80! Ndiyo maana biti kubwa hupunguziwa kasi hadi mizunguko kama 10,000. Usiishike ruta mkononi kwa kazi hii. Chomoa waya wa umeme kabla ya kubadilisha biti, vaa miwani ya kukinga macho, sukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, na utumie kipande cha mti kusukumia. Vidole ndivyo ofisi ya fundi. Vikienda, ofisi imefungwa.

Wenzangu, wako wanaodhani kwamba mwenye mashine amekwisha kuwa fundi. La hasha! Mashine ina makali tu, haina macho. Itakata kona mbovu kwa haraka ile ile inayokatia kona nzuri. Anayejua katikati ya ubao ni wewe, na mteja wako hataiona kazi hiyo, kwani imefichwa ndani ya kona. Atakachoona ni kwamba miaka imepita na sanduku lake halijaachana.

Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.