Kuirudia Earthsea tukiwa wengi (Sehemu ya Pili)

KATIKA sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki dunia Januari 2018, alivyoichora ramani ya visiwa vya Earthsea kabla ya kuziandika safari za watu wake. Nilieleza pia jinsi mchapishaji mmoja mdogo wa huko California, Parnassus Press, alivyomwomba aandike kitabu cha vijana, na kitabu hicho, A Wizard of Earthsea, kikatoka mwaka 1968. Leo naingia katika jambo lililotushughulisha zaidi, mimi na wasomaji wenzangu, tangu tulipoanza kuvirudia vitabu hivi tulivyovipenda utotoni. Jambo lenyewe ni kwamba mfululizo huu haumaliziki kwa msomaji mmoja, wala kwa umri mmoja. Shahidi wetu mkubwa ni mwandishi mwenyewe, kwa sababu naye aliirudia kazi yake, akaiona upya na kuijibu.

Kwa asiyevijua vitabu hivi, nitoe muhtasari. Earthsea ni ulimwengu wa bahari na visiwa vingi. Uganga wa huko hufanyika kwa kulijua jina la kweli la kitu katika Lugha ya Kale, lugha ambayo majoka huzaliwa nayo. Anayelijua jina la kweli la mtu ana uwezo juu yake, ndiyo maana kila mtu hulificha jina hilo na kuitwa kwa jina jingine. Kitabu cha kwanza kinamfuata Ged, mtoto wa mfua shaba wa kisiwa cha Gont. Akiwa mwanafunzi katika chuo cha waganga cha Roke, kwa kiburi cha ujana anakifungulia mlango kivuli kiovu. Anakikimbia kwa muda mrefu, kisha anageuka na kukiwinda mpaka mwisho wa bahari.

Kitabu cha pili, The Tombs of Atuan (1971), ni cha Tenar, msichana aliyefanywa kuhani mkuu wa makaburi ya nguvu za giza. Cha tatu, The Farthest Shore (1972), kinatuonyesha Ged akiwa mkuu wa waganga wote, akisafiri na mwanamfalme kijana, Arren, hadi nchi ya wafu ili kuuziba ufa unaoinyonya dunia uhai na uganga wake. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, upande wa vitabu vya watoto, mwaka 1973. Wengi wetu tuliishia hapo, tukiamini hadithi imekwisha.

Tuliyoyaruka utotoni

Kundi letu lina walimu, muuguzi, seremala, mwanafunzi wa chuo kikuu na mama mmoja mstaafu. Tunakutana barazani kwa mmoja wetu, tunapokezana kusoma kwa sauti, na kila sura ikiisha tunaulizana swali moja: safari hii umeona nini?

Mara ya kwanza swali hilo lilipotuamsha ilikuwa katika sura ya kwanza kabisa. Ged ana miaka saba na bado anaitwa Duny. Anamsikia mama mmoja wa kijijini, dada wa marehemu mama yake, akimwita mbuzi aliyepanda juu ya paa, na mbuzi anateremka. Kesho yake mtoto anayajaribu maneno yale yale kwa mbuzi wa kijiji. Mbuzi wote wanamkusanyikia, wanambana, hawataki kumwachia. Anateremka nao kijijini analia kwa hofu huku watu wakicheka, mpaka mama yule anakuja kuwatawanya. Ndiye anayetambua kwamba mtoto ana kipaji, na ndiye anayemfundisha majina ya kweli ya mwanzo, yakiwemo ya ndege wa mawindo ambao baadaye watampa kijana jina lake la kawaida, Sparrowhawk.

Tulipokuwa watoto wote tulimkumbuka Ogion, mganga mkubwa na mkimya aliyempa Ged jina lake la kweli. Huyu mama hakuna aliyemkumbuka. Mama mstaafu wa kundi letu ndiye aliyetusimamisha. Alisema mwalimu wa kwanza wa shujaa ni mwanamke ambaye kitabu hakimpi hata jina, na hakuna anayerudi kumshukuru. Tulirudi nyuma kurasa kadhaa tukahakikisha, na ni kweli. Tena chuo cha Roke hakiwapokei wanawake, na mapema kabisa tunaambiwa kwamba watu wa Gont wana msemo unaoudharau uganga wa wanawake kuwa dhaifu na wenye uovu. Mtoto husoma maneno hayo kama sehemu ya mandhari. Mwanamke aliyefundisha watoto wa wengine maisha yake yote huyasoma kama hukumu.

Mama aliyempaka mtoto maji ya matunda

Kitabu cha pili kilitufanyia hivyo hivyo, kwa uchungu zaidi. Utotoni nilikisoma kwa ajili ya njia za chini ya ardhi. Nilitaka kujua Tenar atapitaje gizani kwa kuhesabu milango kwa mkono, na kama Ged, aliyeingia kutafuta nusu ya bangili ya amani, atatoka hai.

Safari hii muuguzi wetu alisimama katika ukurasa wa kwanza. Hadithi inaanza na mama akimwita bintiye arudi nyumbani jioni, miti ya matunda ikikaribia kuchanua, huku baba akimuuliza kwa nini anaufunga moyo wake kwa mtoto atakayechukuliwa. Akiwa na miaka mitano tu, mtoto anachukuliwa kweli, ananyang'anywa jina lake na kuitwa Arha, Aliyeliwa. Baadaye Manan, mlinzi wake mwenye huruma, anamsimulia jinsi walivyomtafuta akiwa mchanga. Wakuu wa hekalu walipofika, mama yake alikuwa amempaka maji ya matunda mwilini, aonekane ana ugonjwa wa kuambukiza, ili waogope na kuondoka. Hila ikagunduliwa.

Ni mistari michache tu, na mimi nilikuwa nimeisoma utotoni bila kuiona. Muuguzi wetu amewahi kuwaona akina mama wakifanya lolote, lenye akili na lisilo na akili, ili wasiachanishwe na watoto wao, na alipofika pale sauti ikamkatika. Kuanzia hapo kundi zima lilikisoma kitabu hiki kama habari ya mtoto aliyeibwa na dini ya wakubwa, kisha akajifunza polepole kuwa huru. Njia za gizani zingali zinasisimua, ila sasa tunajua nani amepotelea ndani yake.

Rangi ya Ged

Jambo la tatu lililetwa na mwanafunzi wetu. Watu wengi wa Earthsea si weupe, na Le Guin alikusudia hivyo. Ged ana rangi ya shaba, hudhurungi inayoelekea wekundu. Rafiki yake mkubwa Vetch, aliyemfuata hadi mwisho wa bahari, ni mweusi. Weupe ni Wakargad, wavamizi wa upande wa mashariki ambao Tenar anatoka kwao. Mwaka 1968, katika fasihi ya vijana ya Marekani iliyojaa mashujaa weupe, huo ulikuwa uamuzi mzito, naye aliuweka bila kupiga tarumbeta, ili msomaji ampende Ged kwanza.

Wachapishaji, hata hivyo, kwa miaka mingi walimchora Ged mweupe juu ya majalada. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilitoa tamthilia ya Earthsea ambamo Ged aliigizwa na kijana mweupe. Le Guin alipinga hadharani kwa maandishi, akaeleza kwamba wasomaji wasio weupe walikuwa wamemwandikia kumwambia maana ya kujikuta ndani ya hadithi za aina hii. Msomaji aliyekua na jalada lile ana haki ya kukisoma kitabu upya akiwa na wenzake, wakishika maneno ya mwandishi na kuliacha jalada lijitetee lenyewe.

Mwandishi naye alirudi kusoma

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Baada ya kitabu cha tatu Le Guin alikaa miaka 18. Mwaka 1990 akatoa Tehanu, na juu yake akaandika kwamba ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea. Wasomaji wengi walikasirika. Walimtaka Ged mwenye fimbo, wakampata Ged aliyeishiwa nguvu, amerudishwa kwao Gont mgongoni mwa joka, anaona haya kuonekana na watu. Walizitaka safari za bahari, wakampata Tenar akiwa mjane wa makamo, mke wa zamani wa mkulima, analea mtoto aliyetupwa motoni na watu wake mwenyewe na kuachwa na kovu la nusu ya uso.

Katika kitabu hiki kuna jambo la sahani ambalo kundi letu lililizungumza jioni nzima. Mwanawe Tenar, baharia, amerudi nyumbani kurithi shamba. Anakula, anaiacha sahani mezani, kwa sababu kuiondoa anaona ni kazi ya wanawake. Tenar, aliyewahi kuibeba bangili ya amani ya ulimwengu mzima, anaitazama sahani ile na kujilaumu kwa alivyomlea. Seremala wetu, ambaye Tehanu ilimchosha alipoisoma akiwa kijana, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kitabu hiki kilimngoja mpaka awe na watoto wa kiume.

Mwaka 1992, katika mhadhara alioutoa Oxford, Le Guin alieleza wazi kwamba vitabu vya mwanzo aliviandika ndani ya mapokeo ambamo shujaa ni mwanamume na dunia hutazamwa kwa macho yake. Tehanu ilikuwa kuitazama dunia ile ile kutoka jikoni na shambani. Hakufuta sentensi hata moja ya vitabu vya zamani. Alisogeza kiti, akakaa mahali pengine.

Kisha akaendelea. Mwaka 2001 alitoa vitabu viwili, Tales from Earthsea na The Other Wind, na "kitabu cha mwisho" kikawa si cha mwisho. Katika hadithi moja ya Tales from Earthsea tunajifunza kwamba chuo cha Roke kilianzishwa na wanawake pamoja na wanaume, na kwamba wanawake walifungiwa mlango baadaye. Katika The Other Wind aliigusa hata nchi ya wafu. Mwaka 1972 alikuwa ameichora kama mji wa giza nyuma ya ukuta wa mawe, ambamo waliokufa kwa ajili ya mapenzi hupishana njiani bila kutambuana. Wengi wetu tuliikubali picha hiyo utotoni kwa kuwa iliandikwa vizuri mno. Yeye hakuikubali. Miaka 29 baadaye aliuliza nani aliujenga ukuta ule na kwa nini, na akaubomoa ili wafu wawe huru.

Kwa hiyo anayekisoma kitabu cha tatu na kuacha ana nusu ya mazungumzo. Mfululizo huu una mwandishi kijana wa miaka ya 1960 anayesimulia, na mwandishi mtu mzima anayemuuliza maswali. Anayewasikiliza wote wawili ndiye aliyeisoma Earthsea.

Desturi tunayoijua

Kuna watakaosema kwamba kurudia kitabu ulichokwisha kusoma, tena kwa kukusanyika, ni kupoteza wakati. Watu wa pwani yetu wana jibu la zamani. Maulidi ya Barzanji husomwa mwaka baada ya mwaka, kwa sauti, watu wakipokezana milango, na hakuna anayelalamika kwamba mwaka jana tuliyasikia. Mtoto huyasikia kwa utamu wa sauti, kijana akaanza kufuata maana, mzee akalia mahali ambapo zamani alisinzia. Sizilinganishi ibada na hadithi za kubuni. Ninasema tu kwamba stadi ya kusoma kwa kurudia na kwa kusikilizana tunayo, na hatuna sababu ya kuiona ngeni tunapoishika riwaya.

Kwa anayetaka kuanza, mambo manne yametusaidia. Someni kwa mpangilio wa kuchapishwa, ili mumfuate mwandishi anavyobadilika. Pokezaneni kusoma kwa sauti, kwa maana jicho huruka mistari ambayo ulimi hauwezi kuiruka. Changanyeni umri na jinsia, kwa sababu bila mama yule mstaafu tusingemwona mwalimu wa kwanza wa Ged. Na ikiwa yupo anayesoma kwa mara ya kwanza, mwacheni afike mwenyewe kwa kile kivuli. Msimwambie jina lake.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu majoka na Lugha ya Kale. Kabla ya hapo nakuomba, ndugu msomaji, ufanye jambo moja. Kitafute kitabu kimoja ulichokipenda ukiwa mtoto, kiwe hiki au kingine, umtafute na mtu mmoja ambaye hamlingani umri, kisha mkisome pamoja tangu ukurasa wa kwanza. Na kama kitabu hicho ni cha Earthsea, usiishie kwenye cha tatu.