Kuona na Kuonekana: Taa za Magari katika Barabara za Likoni, Kisauni na Changamwe

Meli inayoingia bandari ya Kilindini usiku hupita mbele ya kivuko cha Likoni ikiwa na taa nyekundu ubavu wake wa kushoto na taa ya kijani ubavu wa kulia. Taa hizo hazimulikii chochote. Nahodha hawezi kuzitumia kulitafuta gati wala kuiona mashua iliyo mbele yake. Kazi yake ni kuwajulisha wengine waliomo majini kwamba hapa pana chombo, na kwamba kinaelekea upande fulani. Nahodha wa feri akiona taa nyekundu peke yake hujua kwamba anautazama ubavu wa kushoto wa meli. Akiziona zote mbili kwa pamoja hujua kwamba meli inamjia moja kwa moja. Ni kanuni ya bahari zote, iliyothibitishwa upya katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, na hakuna baharia anayeibishia.

Dakika chache baadaye feri hutia nanga upande wa bara, magari yakashuka na kuupanda mlima kuelekea Mtongwe au Ukunda. Tuseme ni saa 12 na nusu jioni. Baadhi ya magari yamewasha taa, mengine hayajawasha. Dereva ambaye hajawasha akiulizwa sababu, aghalabu atajibu kwamba bado anaona. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo tatizo ambalo makala haya yananuia kulieleza.

Mwanafunzi wa mofolojia anaufahamu mnyambuliko wa kitenzi ona: onea, onwa, onana, onyesha, onekana. Katika orodha hiyo, onekana kina upekee wake. Hakichukui -ek- peke yake kama kifanyavyo someka, bali huchukua -ekan-, kikaungana na jamaa zake patikana na julikana. Kimaana, mtenda ametoweka. Kinachobakia ni kitu kilicho katika hali ya kufikiwa na macho ya yeyote aliyepo, awe anakitafuta au hana habari nacho. Anayeona hutegemea macho yake mwenyewe. Anayeonekana hutegemea macho ya mwingine. Dereva wa Likoni amelijibu swali la kitenzi cha kwanza, hali aliulizwa la pili.

Saa ya magharibi

Mombasa iko takribani nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua lake halibadilishi sana saa zake. Mwaka mzima huzama baina ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 45 jioni. Sababu iyo hiyo hulifanya lizame kwa haraka, karibu wima, na nuru ya machweo ikadumu kwa muda wa dakika 20 na ushei tu. Msafiri anaweza kuondoka Kongowea kukiwa na mwanga wa kumtosha kusoma gazeti, na akafika Bamburi gizani. Jicho la binadamu, kwa upande wake, lina mwendo wake. Likishazoea ukali wa jua la mchana huhitaji karibu nusu saa ili kulizoea giza kikamilifu, yaani muda mrefu kuliko machweo yenyewe. Kwa hivyo kipindi ambacho dereva huamini kwamba bado anaona ndicho kipindi ambacho macho yake, na ya wenzake, yamebaki nyuma ya giza.

Aidha, hiyo ndiyo saa ya msongamano. Wafanyakazi wa bandarini na viwandani hutoka kazini na kuivuka barabara ya Changamwe kwa miguu. Umati wa abiria humwagika kutoka kwenye feri. Katika mwezi wa Ramadhani mambo huzidi, kwani kila aliyefunga hupenda adhana ya magharibi imkute nyumbani, na adhana hiyo hutolewa pindi jua linapotua. Mwendo huongezeka kwa kadiri nuru inavyopungua. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani nchini Kenya, NTSA, zilionyesha zaidi ya vifo 4,000 kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, na kundi lililopoteza watu wengi zaidi lilikuwa la waendao kwa miguu.

Mtu anayesimama ukingoni mwa barabara akitaka kuvuka huyapima magari kwa macho. Gari la kijivu lisilowasha taa, likija wakati wa machweo juu ya lami ya rangi ile ile, halimpi kitu cha kupima. Hali huwa hivyo pia wakati wa mvua za masika, hata ikiwa saa sita za mchana, na huwa hivyo alasiri kwa dereva anayetoka Changamwe kwenda Mikindani jua likimpiga usoni: magari yanayomjia yanakuwa vivuli vyeusi visivyo na umbali. Nukta mbili za nuru zingetosha kumjuza yako wapi.

Usiku na masafa ya taa

Giza likishaingia kabisa, kila dereva huwasha taa. Suala linalobakia ni taa ipi. Madereva wa pwani husema fulu kwa taa za mbali na dimu kwa taa zilizoteremshwa, na makala haya yatayatumia maneno hayo kwa kuwa ndiyo yaliyo hai barabarani. Dimu humulika takribani mita 40 hadi 60. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, atakuwa amekwisha kupita mita 33, na kusimama kwenyewe katika lami kavu kutamchukua mita nyingine 35 hivi. Jumla ni kama mita 68. Maana yake ni kwamba anayekwenda mwendo huo kwa dimu anaendesha nje ya upeo wa taa zake. Atakachokiona mwishoni mwa mwanga atakigonga. Akiteremka hadi kilomita 50 kwa saa, jumla hiyo hupungua ikawa kama mita 35, na kilichomo ndani ya mwanga huweza kuepukwa.

Hesabu hiyo haijazingatia kinachomulikwa. Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe akitoka msikitini baada ya sala ya isha hurudisha sehemu kubwa ya nuru inayompiga. Mwanamke aliyevaa buibui huinyonya karibu yote, na huonekana gari likiwa limemkaribia zaidi. Wote wawili wanavuka barabara ile ile ya Kisauni na kila mmoja anaziona vyema taa za gari linalokuja. Jambo linalomfanya kila mmoja aamini, kimakosa, kwamba dereva naye anamwona. Kadhalika hamali anayesukuma mkokoteni kuelekea soko la Kongowea saa 11 alfajiri hana taa yoyote, ila nuru ya wengine.

Mwanga mwingi nao hupofusha. Dereva aliyepigwa na fulu machoni huweza kuchukua sekunde tatu au zaidi kabla ya kurejewa na uwezo wa kuona vizuri, na kwa kilomita 60 kwa saa sekunde tatu ni mita 50. Lakini si kila upofushaji unatokana na ukosefu wa adabu. Mwali wa dimu hauko sawa pande zote mbili. Katika nchi ambamo magari hupita kushoto, kama Kenya, Uingereza na Japani, mwali huo huinuliwa kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wanakopita watu, na kuteremshwa upande wa kulia ili usimpige machoni anayekuja. Lori lililotengenezewa nchi ambamo hupitwa kulia, kama Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina mpangilio wa kinyume. Shehena za nchi hizo hushukia bandari ya Mombasa na kusafirishwa kupitia Changamwe na Miritini. Taa za lori la aina hiyo zisiporekebishwa, dereva wake anaweza kuwa ameweka dimu kwa heshima zote, na bado akampofusha dereva anayetoka Mikindani.

Hapana budi kuligusia na gari chongo, lile lililounguliwa na balbu moja. Wahenga walishauri kwamba ukenda kwa wenye chongo nawe uvunje lako jicho, lakini ushauri huo haukukusudiwa barabara ya Malindi. Taa moja ikija usiku yaweza kuwa ya pikipiki, ya tuktuk ambayo ni pana zaidi, au ya gari zima lililokufa taa ya upande wa kulia, ambao ndio upande wa katikati ya barabara. Anayekuja humwachia nafasi ya kuipisha pikipiki.

Taa kama lugha

Taa pia husema. Hapa ndipo mtaalamu wa semantiki angepata kazi ya kutosha. Dereva wa Kisauni akipepesa fulu mara moja au mbili, aweza kuwa anamwambia mwenzake: pita. Aweza pia kuwa anamwambia: usipite, ninakuja. Aweza kuwa anamwonya kwamba mbele kuna askari wa trafiki, kwamba amesahau kuzima taa, au kwamba taa zake zinamuumiza macho. Ishara ni ile ile, maana ni tano, na msikilizaji ana nusu sekunde ya kuchagua. Utata wa namna hii katika sentensi hutatuliwa kwa muktadha au kwa kuuliza. Barabarani hakuna kuuliza. Matatu inayotaka kuingia barabara kuu ikitoka kituoni Bombolulu hupepesewa taa na gari linalotoka Nyali. Mmoja amesema ninakuja, mwingine amesikia karibu.

Madereva wengi wa malori wameunda lahaja yao iliyo bora kidogo: indiketa ya kushoto humwambia aliye nyuma kwamba njia ni nyeupe, apite, ya kulia humwambia asubiri. Hata hivyo indiketa ya kulia huweza pia kumaanisha kwamba lori lenyewe linakata kulia. Mwongozo wa barabara wa Uingereza uliupunguza msamiati huu wote ukabakisha neno moja. Unaeleza kwamba kupepesa taa kutumike tu kuwajulisha wengine kwamba upo. Si pita, si simama, ni nipo. Ndiyo maana ile ile ya taa nyekundu na ya kijani za Kilindini.

Taa za mchana

Ikiwa kazi mojawapo ya taa ni kuonekana, hapana sababu ya kuingoja jioni. Wazo hilo lilianzia nchi za kaskazini zenye majira ya giza refu. Finland iliamuru taa ziwashwe mchana katika barabara za mashambani wakati wa baridi mwaka 1972, Sweden ikafuata mwaka 1977, Kanada ikayataka magari mapya yote yawe na taa za mchana kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya ukafanya vivyo hivyo kwa aina mpya za magari mwaka 2011. Msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza: hayo yanamhusu nini mtu wa Likoni, ambaye jua lake lapasua mawe?

Jibu linapatikana Malaysia, ambayo iko karibu na ikweta kama ilivyo Mombasa, na ambayo barabara zake zimejaa pikipiki kama zilivyojaa za Kisauni. Mwezi Septemba 1992 nchi hiyo iliwaamuru waendeshaji wote wa pikipiki kuwasha taa ya mbele mchana. Watafiti walikadiria kwamba ajali za pikipiki zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Jua kali halikuibatilisha taa. Pikipiki ni nyembamba. Ikitazamwa kwa mbele huwa mstari tu unaopotea baina ya magari, na taa huipa nukta ambayo jicho haliwezi kuipuuza. Mwaka 2017 India iliamuru pikipiki mpya zitengenezwe hivi kwamba taa huwaka injini inapowaka, pasi na hiari ya mwendeshaji.

Nchini Kenya, idadi ya bodaboda iliongezeka mno baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008. Sheria humtaka mwendeshaji avae kofia ngumu na jaketi la kuakisi nuru. Jaketi hilo ni zuri, ila lina kasoro ya kimaumbile: halina nuru yake. Vitambaa vyake vya fedha hung'aa pale tu taa ya mwingine inapovipiga, na mara nyingi hufunikwa na abiria au mzigo wa nyuma. Taa ya pikipiki haingoji kumulikwa.

Wapo wanaopinga kwamba magari yote yakiwasha taa mchana, pikipiki zitapoteza upekee wao. Hoja hiyo si ya kubezwa. Austria iliwalazimisha madereva wote kuwasha taa mchana mwaka 2005, ikaifuta amri hiyo kuanzia Januari 2008. Inaelekea kuwa busara kwa Mombasa kuanza na bodaboda na tuktuk kila saa, na magari wakati wa mvua na kuanzia saa 12 jioni. Kisingizio cha kwamba taa humaliza betri hakina uzito. Injini ikiwa inaunguruma, umeme hutoka kwenye jenereta yake, na gharama ni mafuta kidogo. Betri humalizwa na taa zilizoachwa injini ikiwa imezimwa, kama inavyowatokea waliomo kwenye foleni ndefu ya feri.

Magari yanayoagizwa siku hizi huja na taa za mchana zinazowaka zenyewe. Hizo nazo zina hila yake. Katika magari mengi huwaka mbele tu. Taa nyekundu za nyuma husalia zimezimwa mpaka dereva azungushe swichi. Kanada, baada ya zaidi ya miaka 30 ya kutumia taa hizo, ililazimika kurekebisha kanuni zake kwa magari mapya kuanzia Septemba 2021 kwa sababu hiyo. Dereva wa gari la namna hiyo akishuka kwenye feri ya Likoni saa ya magharibi huiona dashibodi yake inang'aa na lami mbele yake ina mwanga kiasi, akaamini kwamba taa zote zinawaka. Aliye kwenye lori linalomfuata mlimani haoni kitu mpaka mwenzake atakapokanyaga breki.