Sindano Uliyodungwa Imeishia Wapi?

Ukiingia kliniki yoyote mtaani, jambo la kwanza unalolitazama ni usafi. Sakafu iwe imepigwa deki, shuka la kitanda liwe jeupe, na sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Hiyo ni haki yako. Lakini ni wagonjwa wachache mno wanaouliza: sindano hiyo ikishatumika, hupelekwa wapi?

Ikitupwa pamoja na takataka nyingine, itaishia katika jaa kama la Dandora, ambako wapo watu, watoto wakiwemo, wanaojitafutia riziki kwa kuokota plastiki na vyuma. Sindano haibagui mkono. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba mtu akidungwa mara moja na sindano iliyotumiwa kwa mgonjwa mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa hepatitisi B ni asilimia 30, hepatitisi C asilimia 1.8, na virusi vya Ukimwi asilimia 0.3. Ajabu ni kwamba wengi wetu huogopa Ukimwi pekee, ilhali hepatitisi B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi.

WHO pia inakadiria kwamba asilimia 85 hivi ya taka za vituo vya afya ni za kawaida tu, kama vile karatasi, maboksi na mabaki ya chakula. Ni asilimia 15 zilizo za hatari. Zikichanganywa, zote huhesabiwa kuwa za hatari. Ndiyo sababu kliniki inayofuata kanuni huwa na mapipa ya rangi mbalimbali: jeusi la taka za kawaida, la manjano la vitu vyenye viini kama pamba iliyolowa damu, na jekundu la taka hatari zaidi kama sehemu za mwili zilizokatwa. Sindano huwekwa peke yake katika boksi gumu lisilotoboka, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Kwa hivyo, unapotupa chupa yako ya soda katika pipa la manjano kwa kuwa ndilo lililo karibu, umeongeza mzigo wa taka zinazopaswa kuharibiwa kwa gharama kubwa. Gharama hiyo mwishowe humrudia mgonjwa.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya taka ni moto. Nyuma ya baadhi ya kliniki utakuta pipa lililotobolewa, na jioni moshi mweusi unapaa kuelekea madirisha ya majirani. Plastiki fulani, hasa zenye klorini, zikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo hudumu mwilini kwa miaka mingi na zinaweza kuleta saratani. Tanuri la kufaa linapaswa kufikia nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi na kuwa na kifaa cha kusafisha moshi. Pipa halifiki huko hata kidogo. Njia bora kwa taka nyingi zenye viini ni kuziua viini kwa mvuke wenye shinikizo, halafu kuzisaga. Kliniki ndogo haiwezi kununua mitambo kama hiyo, lakini inaweza kufanya mkataba na mchukuzi mwenye leseni ya NEMA. Muulize daktari wako iwapo anaye. Hapaswi kukasirika.

Hata hivyo, taka iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo haikutengenezwa. Hapa nanyi wagonjwa mna sehemu yenu. Kuna imani kwamba bila sindano mtu hajatibiwa. Kila sindano huacha bomba, chuma, chupa, pamba na karatasi, na mara nyingi kidonge kingefanya kazi ile ile. Malaria isiyo kali, kwa mfano, hutibiwa kwa vidonge. Mafua nayo hayahitaji antibiotiki kwa sababu husababishwa na virusi. Zaidi ya nusu ya amoksisilini unayomeza hutoka katika mkojo ikiwa bado na nguvu, ikaelekea kwenye maji machafu na mitoni, ambako bakteria huzoea kuistahimili.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wengi ni inhela ya pumu. Gesi inayosukuma dawa katika inhela nyingi za kupuliza hunasa joto angani zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi kile kile cha kaboni dayoksaidi. Tafadhali usiitupe inhela yako kwa kusoma haya! Shambulio la pumu huua. Zipo inhela za unga zisizo na gesi, ila zinahitaji pumzi yenye nguvu, na hazimfai mtoto mdogo. La muhimu zaidi ni kuidhibiti pumu yenyewe. Anayemaliza inhela ya buluu haraka haraka huenda anahitaji dawa ya kuzuia, au pengine hajafundishwa kuivuta vizuri. Mwambie daktari umezimaliza ngapi mwaka huu.

Kuhusu umeme, sina mengi. Sehemu kubwa ya stima yetu hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo, hivyo mchafuzi mkubwa kwenye kliniki ni jenereta ya dizeli. Vipimajoto vya zebaki navyo vinapaswa kuwa vimestaafu. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza nje. Kama bado unacho nyumbani na kikivunjika, fungua madirisha, waondoe watoto, wala usifagie. Kusanya matone kwa kipande cha karatasi ngumu, uyatie katika chupa yenye kifuniko.

Na zile dawa zilizopitwa na wakati kwenye kabati lako? Usizimwage chooni. Kule India, Pakistani na Nepali, mamilioni ya tai waliangamia kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ile ile tunayomeza maumivu ya mgongo yakizidi. Chanzo hicho kiligunduliwa mwaka 2004, tai wengi wakiwa wameshakufa. Zifunge dawa hizo katika mfuko, na safari yako ijayo ya kliniki au duka la dawa, uliza kama watazipokea.