Ya buluu peke yake haitoshi: Tunavyozitumia vibaya inhela za pumu

Mwenye pumu akija dukani, mara nyingi hatamki jina la dawa. Husema tu, "Nipe ile ya buluu." Mimi ni mfamasia hapa Mombasa, na maneno hayo nayasikia karibu kila siku, kwa wazee wa Mji wa Kale, kwa vijana wa tuktuk, kwa mama aliyetumwa na jirani yake. Muuzaji hutoa, mnunuzi hulipa, na mambo huishia hapo. Ni nadra mtu kuulizwa ya mwisho aliinunua lini, ilhali swali hilo ndilo lingefaa kutangulia.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizomo ndani ya mapafu. Kwa wagonjwa wengi kuta za njia hizo huwa zimevimba kwa ndani, hata siku ambayo mtu anajihisi mzima. Kikija cha kuichokoza, kama vile vumbi, mafua, moshi wa mkaa, au hata moshi wa udi na ubani tunaofukiza majumbani, misuli inayozizunguka njia hizo hubana, makamasi huzidi, na pumzi hupita kwa taabu ikilia kama filimbi. Kwa hivyo kuna mambo mawili: uvimbe na mbano. Inhela ya buluu, yenye dawa iitwayo salbutamol, hushughulika na mbano tu. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe inauacha kama ulivyo. Cha kuutoa uvimbe ni inhela ya kinga, ambayo hapa kwetu mara nyingi huwa ya kahawia na kasha lake huandikwa beclomethasone au budesonide. Ziko pia za zambarau na nyekundu zilizochanganya dawa mbili. Viwanda havifuati rangi moja, basi soma jina, usisome rangi.

Waliokulia baharini watanielewa nikisema hivi: ya buluu ni upo, ya kahawia ni kalafati. Chombo kikivuja utafua maji kwa upo ufike pwani salama, na ni lazima ufue. Lakini nahodha anayefua maji kila siku bila kukitia chombo kalafati, sote twajua safari yake itaishia wapi.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa akija kwangu kila baada ya wiki mbili. Kichupa kimoja kina mipulizo 200. Gawanya kwa siku 14 uone: ni zaidi ya mipulizo 14 kila siku, mchana na usiku. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alicheka. "Mwanangu, hii ndiyo pumzi yangu." Nikamuuliza, "Baba, na ile ya kahawia hukupewa?" Alipewa. Aliivuta siku nne, hakuhisi chochote, akaitia kwenye droo.

Hapo ndipo wengi hukwama, na wala si kwa ujinga. Ya buluu humjibu mtu papo hapo. Ya kahawia hutumika kila siku, asubuhi na jioni, na faida yake huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, pengine wiki. Tena ni ghali zaidi. Mtu ana shilingi chache mfukoni na kifua kimembana, ataichukua ipi? Simlaumu. Namlaumu zaidi yule anayemwandikia mgonjwa dawa mbili asimweleze kazi ya kila moja.

Hatari yenyewe imepimwa. GINA, taasisi ya kimataifa inayotoa miongozo ya pumu, tangu mwaka 2019 haipendekezi tena mtu mzima, wala kijana kuanzia miaka 12, atibiwe kwa salbutamol peke yake. Miongozo hiyo inasema anayemaliza vichupa 3 au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na anayefikia 12 au zaidi hatari yake ya kufa huongezeka. Uingereza walichunguza vifo vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Kati ya marehemu 165 waliojulikana idadi ya inhela zao za kutuliza, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Na hiyo ni nchi yenye hospitali za kila namna. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 duniani mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo na sisi tumo. Mvuvi wangu alikuwa akimaliza vichupa zaidi ya ishirini kwa mwaka.

Lipo jambo jingine linalozungumzwa barazani, kwamba inhela ni ya mgonjwa aliyefika mwisho, na ukianza huachi tena. Nimesikia hata wazazi wanaomficha binti inhela yake asije akakosa mchumba. Watu hao hao humeza vidonge bila wasiwasi. Basi tazama: mpulizo mmoja wa salbutamol una mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 cha dawa hiyo hiyo kina mikrogramu 4,000, yaani mara arubaini, na chote hupitia tumboni na damuni kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hwenda mbio. Inhela hupeleka dawa kidogo mahali inapotakiwa. Habasoda na asali sikatazi, baba yangu mwenyewe hazikosi mezani, lakini hazishiki nafasi ya dawa ya kinga.

Sasa tuje kwenye kuvuta kwenyewe. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chest ilikusanya tafiti za miaka arubaini, ikakuta kwamba ni takriban thuluthi moja tu ya wagonjwa wanaovuta sawasawa, na kwamba miaka yote hiyo hali haikuwa bora. Mimi nina mazoea ya kumwambia mteja, "Hebu nionyeshe unavyovuta." Wengi hubonyeza kwanza, kisha ndio huvuta. Wengine huvuta kwa kishindo kama mtu anayenusa tumbaku. Wengine hubonyeza mara tatu mfululizo katika pumzi moja. Dawa yote huishia ulimini na kooni, mtu akaimeza, kisha akasema haimsaidii.

Inhela ya kubonyeza hutumika hivi. Toa kifuniko, tikisa. Toa pumzi yote nje. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, funga midomo barabara. Anza kuvuta taratibu, na ukishaanza kuvuta ndipo ubonyeze mara moja, uendelee kuvuta polepole mpaka kifua kijae. Zuia pumzi hadi kuhesabu kumi. Ukitaka mpulizo wa pili, ngoja nusu dakika hivi, tikisa tena, rudia. Za unga ni kinyume: hizo hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, kwani pumzi yako ndiyo inayoutoa unga. Baada ya ile ya kinga sukutua maji na uyateme, la sivyo mdomo huota utando mweupe wa kuvu, na sauti hukwaruza.

Watoto wadogo hawawezi mpango huo wa kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, na watu wazima wengi pia. Dawa yake ni kile chombo cha plastiki kinachokaa baina ya inhela na mdomo, kinachoitwa spesa. Ni ghali kwa wengi na si kila duka linacho. Lakini Cape Town, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, wakachapisha matokeo katika Lancet mwaka 1999. Chupa iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki hakikufua dafu. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, uingie ukibana, ziba pembeni pasivuje. Mtoto aweke mdomo wa chupa mdomoni mwake, ubonyeze mara moja, naye apumue ndani ya chupa kwa utulivu mara tano au sita. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa kwa kitambaa huinasa dawa kwenye kuta zake.

Kuna pia ile desturi ya kukitumbukiza kichupa majini kuona kama kinaelea. Haina maana. Dawa ikiisha gesi hubaki, kichupa huendelea kufanya "fsss", na mtu akadhani anavuta dawa. Kama inhela yako haina namba za kuhesabia, andika tarehe ya kuanza kwenye kasha na upige hesabu.

Mwezi wa Ramadhani huwa na mtihani wake, kwani wako wanaoacha dawa zote. Ile ya kinga haina tatizo: mara nyingi ni mara mbili kwa siku, basi ivute wakati wa daku na baada ya kufuturu. Kuhusu kuvuta mchana, wanazuoni wamehitilafiana iwapo inafunguza, na hilo muulize sheikh wako. Lakini kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, hilo halina khilafu. Kifua kikibana saa nane mchana, usingoje adhana.

Na zijueni dalili za kukimbilia hospitali: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zimegeuka rangi, mbavu zinazama akivuta, mtoto hanyonyi, au ya buluu haileti nafuu. Mpeni mipulizo 4 hadi 10 ya buluu kwa spesa au kwa chupa, mmoja baada ya mwingine, akiwa amekaa wima. Mpeni huku mtu mwingine ameshakwenda kutafuta gari, na mkifika mwambieni daktari amevuta mingapi.