Fahamu: Kiwewe cha Wahudumu wa Afya

Ni nini?
Ni athari ibakiayo nafsini mwa aliyeshuhudia mauti au hatari kubwa: usingizi humpaa, na harufu ya klorini tu yatosha kumrudisha wodini.

Kivu ya Kaskazini
Katika mlipuko wa Ebola wa mashariki ya Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kukoma Juni 2020, walifariki watu 2,287, na wauguzi wa mji wa Butembo, ambao tayari walikuwa wakiwazika wenzao, waliona vituo vyao vikishambuliwa na wenye silaha mwaka 2019.

Dawa ya kiwewe
Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kinyume cha dhana ya wengi, haimlazimishi mtu kusimulia masaibu yake. Humsikiliza akitaka, humtimizia haja zake, humuunganisha na jamaa. Nasaha pekee, kwa rai yetu, hazitoshi pasipo zamu fupi, ulinzi na mshahara usiochelewa.